SHAHADA ILIYOFUNGIWA SANDUKUNI

Wahenga wetu walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeinyonya pamoja na maziwa ya mama, na wengi wetu hapa pwani tumewalea binti zetu juu yake: msichana mwema hajisifu, hapazi sauti, na akiulizwa alijualo hujibu huku akitazama chini. Mimi sina ugomvi na wahenga. Lakini safari niliyoifanya juzi juzi kwenda bara, hadi huko Sachangwan katika Bonde la Ufa, imenirudisha na swali lililoninyima usingizi, nami nimeona si vyema nikae nalo peke yangu. Je, kizuri kikifungiwa sandukuni, kitajiuza vipi?

Nilikwenda kumzuru mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, ambaye ni daktari katika hospitali moja ya upande wa Nakuru. Jina lake nitalistiri, ijapokuwa ameniruhusu nisimulie yaliyopita baina yetu. Yatosha kusema kuwa ni mzaliwa wa Mombasa, na kwamba amekwisha kukaa bara miaka mingi hata Kiswahili chake kimeingia baridi.

Alinipokea kwa shikamoo na chai ya tangawizi, lakini niliuona uso wake haukukunjuka. Baada ya sala ya Isha akanitolea barua mbili. Ya kwanza ilitoka kwa wakubwa wake, ikimtaka awe mkuu wa idara inayopokea wagonjwa wa dharura. Ya pili aliiandika yeye mwenyewe, akikataa. Alikuwa bado hajaipeleka, na siku tatu tu zilikuwa zimesalia.

"Mjomba," akaniambia, "hawa wananiona mimi kuwa mtu ambaye siye. Miaka yote hii nimebahatisha tu. Nikikalia kiti hicho, siku ya kwanza nitaumbuka."

Neno hilo, nimebahatisha, lilinichoma kama mwiba, kwani haikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia. Nalijua lilikotoka.

SAUTI ILIYOSHUKA

Mamake binti huyu nami tulisoma chuo kimoja katika Mji wa Kale, Mombasa, miaka ya sabini. Tuliketi mkekani, kila mtu na juzuu yake. Dada yangu alikuwa amenitangulia, na hapakuwa na mvulana aliyemweza kwa kuhifadhi wala kwa kutamka herufi mahali pake. Lakini kila aliposifiwa alijibu, "Nimebahatisha, mwalimu." Siku wageni walipokuja kutusikiliza, sauti yake ilishuka hata haikufika mkeka wa pili. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakasema, "Mashallah, mtoto ana haya." Nami niliyesoma kwa makosa lakini kwa sauti kubwa, nilipewa peremende na kuambiwa nitakuwa shekhe.

Ushekhe sikuupata, kama mnavyoona. Lakini peremende ile nimeila maisha yangu yote. Kila nilipoingia mahali nisipopajua, niliingia nikiamini kuwa nitapokewa. Dada yangu, aliyenishinda kwa ilimu, hakuwahi kuingia mahali kwa imani hiyo. Alimaliza masomo, akaolewa, akawalea watoto wake vizuri, na pamoja na malezi mema akamrithisha binti yake lile neno moja.

Naomba nieleweke. Haya ni pambo la muumini, mwanamume na mwanamke. Lakini unyenyekevu na kujidharau ni vitu viwili, ijapokuwa vimevaa kanzu moja. Mnyenyekevu husema, "Ilimu hii ninayo, nami najua aliyenipa." Mwenye kujidharau husema, "Ilimu hii sina." La kwanza ni shukrani. La pili ni kuikanusha neema huku mtu ameishika mkononi.

UGONJWA WENYE JINA

Usiku ule binti alinieleza jambo nisilolijua. Mwaka 1978, wataalamu wawili wa elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Georgia State, mjini Atlanta, Marekani, walichapisha makala juu ya hali hii. Nao ni wanawake, Pauline Clance na Suzanne Imes. Walikuwa wameonana na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa: wenye shahada za juu, wenye kuheshimiwa kazini, na wanafunzi walioongoza madarasa yao. Wengi wao, pamoja na vyeti vyote hivyo, waliamini kuwa wamewahadaa watu. Huyu alidai kuwa waliomchagua walikosea, yule kuwa alisaidiwa na bahati, na mwingine kuwa alipendwa kwa uchangamfu wake tu. Kila mmoja aliishi akingojea siku ya kufumaniwa.

Wataalamu hao walitazama pia malezi. Waliona kuwa baadhi ya wanawake hao walikulia katika nyumba ambamo ndugu mwingine ndiye aliyeitwa mwerevu, na hata wangefanya nini sifa hiyo haikuwahamia. Wengine, kinyume chake, waliambiwa tangu utoto kuwa hawashindwi na kitu. Siku walipokutana na jambo gumu, wakadhani ugumu wenyewe ni ushahidi kuwa wao si werevu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa wanaume nao hupatwa na hali hii. Basi si kilema cha kike.

Tena si jambo la kichwani mwa mtu peke yake. Binti alinisimulia kuwa hata leo mgonjwa akiletwa, jamaa zake humkimbilia kijana mwanamume ambaye bado anafunzwa kazi, wakamwita "daktari", naye aliyemfunza wakamwita "sista". Kazi ya sista ni ya heshima kubwa, na baadaye mtaona jinsi gani. Lakini mtu akiitwa kila siku kwa jina lisilo lake, mwisho huanza kuuliza kama lile lake aliliiba.

KILIMANI SACHANGWAN

Siku ya pili akanichukua kwa gari lake. Ukitoka Nakuru kufuata barabara ya Eldoret, unapita Salgaa penye malori mengi, kisha barabara inapanda na kupanda, huku hewa ikizidi kuwa baridi, na kandoni wanawake wanauza viazi na karoti. Huko ndiko Sachangwan, karibu na Molo. Mteremko wake umeua watu wengi. Desemba 2017 peke yake, watu 36 walikufa mahali paitwapo Migaa, katika barabara hii hii, basi na lori zilipogongana.

Lakini jina la Sachangwan lilijulikana duniani kwa msiba mwingine. Jumamosi ya tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka hapo. Watu wakaja na ndoo na madebe kuteka petroli iliyomwagika, kwani maisha yalikuwa magumu na mali ilikuwa inapotea bure. Kisha moto ukawaka. Waliokufa walipita mia moja, na wengine wengi waliungua vibaya wakakimbizwa hospitali za Molo, Nakuru na Nairobi. Wapo waliozikwa katika kaburi la pamoja, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwatambua.

Tulisimama kando ya barabara, tukawaombea. Kisha binti akaniambia, "Mimi nilikuwa zamu usiku ule, mjomba. Nilikuwa sijatimiza mwaka katika udaktari."

Nikamwomba anieleze alifanya nini, naye akajibu neno lile lile, kwamba alibahatisha. Basi nikamwambia, "La, mwanangu. Leo mimi ni kadhi, nawe ni shahidi. Niambie jambo moja baada ya jingine."

Akaanza polepole. Akasema kuwa mtu aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hupoteza maji mengi, na asipoongezewa kwa mshipa hufa kwa upungufu huo hata kama vidonda vyake vimefungwa vizuri. Maji hayo yana hesabu: mililita 4, mara uzito wa mtu kwa kilo, mara asilimia ya mwili iliyoungua. Mtu mzima wa kilo 70 aliyeungua asilimia 40 huhitaji mililita 11,200, yaani zaidi ya lita 11, kwa muda wa saa 24. Nusu yake lazima iingie katika saa 8 za kwanza. Na saa hizo zinahesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika hospitali. Kwa hiyo aliyecheleweshwa njiani hutiwa maji kwa kasi zaidi, huku mkojo wake ukipimwa ili ijulikane kama yanatosha au yamezidi.

"Na hesabu hiyo uliifanya kwa watu wangapi?" nikamwuliza.

"Sikumbuki. Hadi alfajiri."

"Na katika kuzidisha na kugawanya huko, bahati ilikaa wapi?"

Akanyamaza. Mimi nami nikanyamaza, malori yakipita.

NANI ALIKUFUNZA?

Sisi tuliosoma chuoni twajua kuwa ilimu haiaminiwi kwa uzuri wa maneno tu. Hadithi ina isnadi yake: fulani kaipokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwenye asili yake. Mwanafunzi akihitimu kwa shekhe hupewa ijaza, na ijaza hiyo ni mlolongo wa majina ya watu. Anayeisoma huona kuwa ilimu haikumwangukia mtu kama embe lililopukutika.

Basi nikamwuliza binti, "Hesabu hiyo nani alikufunza?" Akamtaja mwalimu wake wa chuo kikuu, mkali, aliyemrudisha ubaoni mara tatu. "Na mshipa katika mkono ulioungua, nani alikufunza kuupata?" Hapo uso wake ukakunjuka kwa mara ya kwanza. Akamtaja sista mmoja mzee, mwenyeji wa bonde hilo, ambaye usiku ule walikuwa pamoja, na ambaye sasa amestaafu.

Tukampigia simu pale pale barabarani. Mama yule alicheka sana aliposikia habari ya barua. Alisema, na hapa nayatoa maneno yake kama nilivyoyafahamu, kuwa usiku ule walikuwapo waliojifanya kujua wasichokijua, na hao ndio waliomtia hofu. Binti huyu alimjia akamwambia, "Sista, nionyeshe mara moja, nitafanya inayofuata," na inayofuata akaifanya kweli. Kwa mama yule, hiyo ndiyo ilikuwa alama ya daktari.

Wasomaji wangu, tazameni ajabu hii. Jambo ambalo binti alilihesabu miaka yote kuwa ushahidi wa ujinga wake, kwamba alilazimika kuuliza, kwa shahidi aliyekuwapo lilikuwa ushahidi wa ustadi wake. Lakini alikuwa hajapata kumwuliza shahidi. Amejihukumu peke yake chumbani, yeye ndiye mshitaki, yeye ndiye kadhi, na mtetezi hayuko.

Lugha yetu ina neno moja ambalo lingetosha kutufunza. Karatasi ya chuo kikuu twaiita shahada. Na shahada, kila Mwislamu ajua, ni kushuhudia kwa ulimi. Huwezi kuwa na shahada ukaificha. Ikifichwa imebaki karatasi tu. Binti zetu wengi wanazo karatasi. Ushahidi ndio waliokatazwa.

YUSUFU NA MUSA

Njiani tukirudi alinitolea hoja. "Lakini mjomba, kujisifu si vibaya?" Nikamkumbusha kisa cha Nabii Yusufu, amani iwe juu yake. Alipotoka gerezani akasimama mbele ya mfalme wa Misri, hakungoja kubembelezwa. Aliomba apewe hazina za nchi, akaeleza sababu, kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi na mwenye ujuzi. Hakusema hivyo kwa kiburi. Njaa ilikuwa njiani, na laiti angenyamaza kwa haya, watu wangekufa.

Na anayeona hofu, amtazame Nabii Musa. Alipotumwa kwa Firauni hakudai kuwa haogopi. Alitaja mashaka yake, akataja uzito wa ulimi wake, akaomba nduguye Haruni, mwenye ulimi fasaha zaidi, awe msaidizi wake. Mola hakumwambia, "Kwa kuwa una shaka, basi hufai." Alimpa Haruni, na safari ikaendelea. Hivyo mashaka si sababu ya kukataa kazi. Ni sababu ya kutafuta mwenzi.

Hata Clance na Imes walishauri jambo lililo karibu na hilo: wanawake wenye hali hii wakutane kwa vikundi. Mmoja akimsikia mwenziwe, ambaye yeye amwona hodari, akisema kuwa naye ni mhadaifu, huona upesi jinsi maneno hayo yalivyo mbali na kweli. Kisha huanza kuyatilia shaka yake mwenyewe.

Wala tusidhani kuwa mwanamke kuweka jina lake juu ya kazi yake ni desturi ya kizungu. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858, akimuusia binti yake, aliomba msamaha kwa Mola kama afanyavyo kila mja. Lakini hakuacha kulitaja jina lake, akataja na Pate alikozaliwa. Toba na jina viko katika utendi mmoja, na hakuna aliyewahi kusema kuwa Mwana Kupona hakuwa na haya.

MTOTO WA SHAMBA LA NAKURU

Bonde hili nalo lina mfano wake. Wangari Maathai, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1940, aliishi sehemu ya utoto wake karibu na Nakuru, katika shamba la mzungu alikofanya kazi babake. Ilibidi arudi Nyeri ndipo apate skuli. Akasoma hadi Marekani, na mwaka 1966 akarudi nyumbani na barua ya kuahidiwa kazi katika chuo kikuu cha Nairobi. Alipofika aliambiwa kazi amekwisha kupewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliona kuwa sababu ni uanamke wake na kabila lake.

Mwingine angesema, "Naona sikustahili." Yeye alitafuta mlango mwingine, akaupata katika idara ya anatomia ya mifugo, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa. Hapo chuoni aliona kuwa wanawake hawapewi haki za kazi sawa na wanaume. Hakulipigania peke yake. Alishikana mkono na mwalimu mwenzake, Vertistine Mbaya. Naye pia alikuwa na Haruni wake.

Baadaye, alipoanzisha kazi ya kupanda miti mwaka 1977, wataalamu wa misitu walitilia shaka kama wanawake wa vijijini, wasio na vyeti, wataweza kuotesha miche. Yeye akawaambia wanawake hao watumie akili ile ile wanayotumia kwa mbegu za mashambani mwao. Wakaotesha mamilioni. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, Mwafrika wa kwanza mwanamke kuipata.

Na siku hizi milango haikufungwa kama zamani. Mwaka 2022 watu wa Nakuru walimchagua Susan Kihika kuwa gavana wao, na mwaka huo huo Kwale ikamchagua Fatuma Achani, mwanasheria na Mwislamu, gavana wa kwanza mwanamke katika pwani yetu. Lakini mlango ukifunguliwa, na aliye nje amefunzwa kusema "nimebahatisha", atabaki kizingitini.

Basi kazi ni yetu sisi wazazi, wajomba na walimu wa vyuo. Msichana akisoma vizuri, asiachwe ashushe sauti kisha tukamsifu kwa kuishusha. Akijibu kuwa amebahatisha, aulizwe kwa upole, "Umelijuaje?" mpaka aeleze njia aliyoipita. Na ninyi mlio makazini, muwatafute mashahidi wenu wangali hai: mwalimu aliyekurudisha ubaoni, sista aliyekuonyesha mshipa. Waulizeni waliona nini. Msijihukumu peke yenu usiku.

Mimi nimeanza nyumbani. Niliporudi Mombasa nilikwenda kwa dada yangu, nikamwambia lile ambalo lilikuwa kooni mwangu miaka hamsini, kwamba chuoni yeye ndiye aliyekuwa msomaji, na peremende ilikuwa haki yake. Alitazama chini, kisha akainua uso akasema, "Nalijua." Hakusema kuwa alibahatisha.

Na binti yake? Barua ile ya kukataa hakuipeleka. Aliandika nyingine, akakubali kiti, na ndani yake akaomba achaguliwe naibu mwenye ujuzi wa mambo ya fedha na kumbukumbu, ambayo yeye hayapendi. Wakubwa wakamkubalia. Ananiambia kuwa hofu bado humjia, hasa alfajiri, lakini sasa anaijibu kwa majina ya watu. Nami nilimpelekea ubeti huu mmoja, naye ameubandika ndani ya mlango wa kabati yake ya kazini:

Mwanangu toa shahada, isikae sandukuni,
Ulisoma kwa ibada, ukashinda mtihani,
Ukiombwa msaada, usijifiche nyumbani,
Kweli haitaki shada, yataka mwenye lisani.